Redio Isiyo na Ganda

Katika msiba wa shangazi yangu Hadija, mtu wa rika langu, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake alikuwa mtu mwema, alisema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu alijenga nyumba yake kwa dhahabu aliyoichuja kutoka kwenye mitambo chakavu. Alisema hivyo kwa kusifu. Watu wakatikisa vichwa, wakasema kumbe. Mwingine akaongeza kwamba yeye pia alisikia habari hiyo, na kwamba alisikia zaidi: zamani Hadija alikuwa na chombo cha kuzungumza na watu wa ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini, nikauliza ni nani kati yao aliyeiona dhahabu hiyo, au aliyekisikia chombo hicho kikizungumza. Walinitazama kama mtu aliyekosa adabu msibani.

Sikukosa adabu. Niliuliza swali ambalo marehemu mwenyewe alinifundisha kuliuliza, na kwa kuwa siku ile sikujibiwa, nalijibu hapa kwa ajili yenu mliokulia Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali, wakati mmoja na mimi. Sitaandika nilichosimuliwa. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu na nilichokibeba kwa mikono yangu, na anayetaka kunibishia aje na macho yake, si na masikio ya jirani.

Nilipelekwa kwa shangazi nikiwa bado shule ya msingi, baba yangu, ambaye ni kaka yake, alipopata kazi ya udereva mbali na Kigali. Mume wa shangazi alikuwa fundi wa redio aliyetoka upande wa Kigoma. Alipofariki aliacha meza, koleo tatu, chuma cha kulehemu, na mke ambaye kwa miaka mingi alikaa mkabala naye akimshikia taa. Watu walitarajia kwamba angeuza vile vitu. Hakuuza. Wala hakutaka kutengeneza redio za watu, kwa maana mwenye redio, alisema, hujifanya kuujua ugonjwa wake kuliko daktari. Alichagua kuchambua mitambo mibovu na kuwauzia mafundi vipuri vyake.

Kazi ya kuchambua ilianzia Kiyovu. Huko juu, kwenye maofisi na majumba ya wageni, mitambo ilipoharibika haikutengenezwa. Ilitupwa nyuma ya uzio pamoja na majani yaliyofyekwa. Zamu, yaani mlinzi, wa ofisi moja, mzee mpole mwenye koti refu kupita miguu yake, alituwekea simu zilizokufa, teleksi, mashine za kuhesabia. Tulishuka nazo ndani ya vikapu vilivyofunikwa mboga, si kwa sababu zilikuwa za wizi, bali kwa sababu shangazi alichukia kuulizwa maswali na watu ambao hawakuwa wakinunua kitu. Nyumbani tulizivunja maganda yake na kutoa mabamba ya ndani, tuliyoyaita plaketi, yaliyosongamana vidude vya rangi kama mji unaotazamwa kutoka mlimani.

Wakati naanza niliamini kabisa kwamba chipu zile nyeusi zenye miguu pande mbili zilikuwa wadudu. Nilidhani ni mende wa aina ya Kizungu, walioingia ndani ya mtambo kufuata joto wakafia humo wakiwa wamejipanga safu, na kwamba ndio walioua mtambo. Nilistaajabu kwamba shangazi aliwang'oa kwa uangalifu mkubwa vile badala ya kuwaponda. Nilipomwambia, hakucheka. Aliniwekea mmoja kiganjani akasema, "Huyu hakuua mtu. Huyu ndiye aliyekuwa akifikiri."

Plaketi za hali ya chini tulizishika kwa koleo juu ya mbabula, lile jiko la makaa, upande wenye risasi ya kulehemu ukitazama moto. Risasi ilipoanza kung'aa kama jicho lenye machozi, shangazi aliipiga plaketi mara moja kwenye ukingo wa beseni, na vidude vikamwagika kwa mlio wa mvua ya kwanza juu ya bati. Harufu yake ninayo mpaka leo: kucha zilizoungua zikichanganyika na udi wa bei rahisi. Alinikataza kuivuta, nilisimama upande wa upepo nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Lakini transista nzuri na mende zetu hazikuguswa na moto wa namna ile. Hizo zilitolewa mguu mmoja mmoja. Shangazi alikuwa na sindano za zahanati zilizosagwa ncha zikawa butu. Aliupasha mguu kwa chuma, akauvisha tundu la sindano, akazungusha kidogo, na risasi ikiganda mguu ulibaki huru katika shimo lake, kama jino la maziwa linalosubiri kusukumwa na ulimi.

Na dhahabu? Kwenye kingo za baadhi ya plaketi kulikuwa na meno ya rangi ya dhahabu. Niliyaona. Shangazi pia aliyaona. Ilikuwa ngozi nyembamba kiasi kwamba kucha yangu iliikwangua, na shangazi hakuwa na dawa ya kuiondoa, wala hakuitafuta. Plaketi zilizokwisha kuchambuliwa tulizitumia kuziba matundu ya banda la kuku. Kama kulikuwa na dhahabu, kuku ndio waliolala ndani yake.

Jambo la pekee katika kazi ya shangazi, ambalo ndilo lililotuletea balaa, ni kwamba hakumuuzia fundi kitu asichokijaribu. Wengine waliuza kwa kukisia; yeye alikuwa na redio isiyo na ganda. Ilikuwa redio ya marehemu mumewe, iliyovuliwa kasha lake na mabati yake yote ya ndani, ikatandazwa na kupigiliwa misumari juu ya ubao mmoja mpana, na kila mahali pa transista pamewekwa vishikizo. Transista iliyong'olewa ilichomekwa mahali pake. Redio ikisema, transista ni hai. Ikinyamaza, inaingia kopo la wafu. Ubao huo ulilishwa na betri kubwa, tulizoziita mawe, zilizopangwa ndani ya mwanzi uliopasuliwa, na waya mrefu wa kunasia mawimbi ulipanda kutoka kwenye ubao hadi juu ya mpapai.

Ninyi mliosoma mtanivumilia nikieleza jambo moja. Redio yoyote inapopokea, yenyewe nayo hutoa mnong'ono mdogo wa umeme, na redio nyingine iliyo karibu huusikia kama filimbi. Kasha na mabati ya ndani huuzuia mnong'ono huo usifike mbali. Ubao wa shangazi haukuwa na kasha wala bati, tena ulikuwa na waya juu ya mpapai. Basi kila alasiri, alipojaribu mavuno ya siku hiyo, nyumba zilizotuzunguka zilisikia filimbi ikipanda na kushuka katikati ya taarabu zao. Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Jirani alipiga kelele, shangazi akajibu samahani, mambo yakaisha.

Kisha vita vikaanza kaskazini, na baada ya milio ya bunduki iliyotuamsha sote mjini, watu wakaanza kukusanywa. Wapo waliopelekwa uwanja wa mpira. Wapo waliorudi wakiwa wanatembea kwa namna nyingine, na wapo ambao sikuwaona tena. Likaja neno la Kinyarwanda ambalo hata sisi watoto tulijifunza kulinyamazia: icyitso, maana yake mtu wa ndani anayemsaidia adui wa nje. Neno hilo halikuhitaji ushahidi. Lilihitaji tu kusemwa na mtu wa pili.

Mafundi waliacha kuja. Aliyekuwa akija mara kwa mara alipita mlangoni akitazama upande mwingine. Shangazi alifunga mlango wa mbele, akafanyia kazi uani, na makopo yake yakajaa vitu hai visivyo na mnunuzi.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mkuu wa seli yetu, yaani kile kitongoji kilicho chini ya sekteri, tuliyemwita Responsabule, mtu mwenye duka la baiskeli na mwili mkubwa, pamoja na vijana wawili. Mmoja alikuwa na kamba mkononi. Niliitazama ile kamba tangu walipoingia mpaka walipotoka. Nilijua kamba haikuletwa kwa ajili ya ubao.

"Hadija! Iyo mashini iko wapi?"

"Mashini gani?" shangazi alijibu bila kuinuka. "Ninayo ya kusagia nyama, haina kisu."

"Usinichezee. Iyo ya kupiga filimbi. Funika na gunia, tunaenda nayo kwa sekteri. Na weye unakuja."

"Nani amesema?"

"Watu banasema."

"Watu wana majina, Responsabule. Hata wewe unalo, ingawa umesahau kubisha hodi."

Kijana asiye na kamba alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakuletwa kucheka.

"Mama, miye natumwa tu," Responsabule alisema, sauti yake ikiwa imeshuka, na hilo lilinitisha kuliko makelele. "Maneno imeenea. Banasema uko icyitso. Banasema iko unapeleka ishara kule juu."

Shangazi alifuta mikono yake kwa kanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye makovu ya risasi ya kulehemu vidoleni kama punje za mtama. "Nitajie mmoja," alisema. "Mmoja tu aliyeniona. Nitakwenda nawe mpaka kwake, na akiniambia usoni kwamba ameniona nikizungumza ndani ya ubao huu, kamba hiyo mrudishie mbuzi wake. Nitakwenda sekteri kwa miguu yangu."

Responsabule alisita. Nafikiri hakuwahi kuulizwa jina. "Selemani," alisema mwishowe. "Selemani wa cherehani."

"Twende kwa Selemani."

"Funika kwanza. Watu wasione."

"Wameshasikia wasichokiona. Leo wataona."

Akajiwekea ngata kichwani, akakunja ule waya mrefu, akajitwika ubao ukiwa wazi hivyo hivyo, transista na mende na nyaya zote zikitazama mbingu. Mimi akanipa mwanzi wa mawe. Waya ulioungana kati ya mwanzi na ubao haukuwa mrefu kuliko mkono wangu. "Hamisi," aliniambia, "ukibaki nyuma, redio itakufa. Ikifa watasema nimeizima. Tembea na mimi." Kisha akaiwasha, na tukatoka nje ya mlango wa mbele tukiwa na mtu anayetangaza sabuni juu ya kichwa cha shangazi.

Sasa nieleze nilivyoelewa wakati ule, kwa maana nilielewa vibaya kabisa. Mtakumbuka jinsi mwizi alivyofanywa mtaani kwetu. Alitwishwa kichwani kile alichokiiba, akazungushwa njia zote, watoto nyuma yake wakigonga mikebe. Nilikuwa nimemwona mtu amebeba godoro hivyo, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kidevu, nami nilikuwa miongoni mwa wagonga mikebe. Basi nilipojikuta katikati ya njia, shangazi ana mzigo kichwani, mkuu wa seli yuko nyuma yetu na vijana wake, na watoto wameanza kukusanyika, nilijua sisi ni nani. Tulikuwa wezi. Sikujua tumeiba nini. Nilidhani ni zile teleksi za Kiyovu. Nilianza kulia kimya kimya, na kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mwanzi, machozi na kamasi vilishuka vilivyotaka.

"Ameiba redio mbovu!" mtoto mmoja alipaza sauti.

"Njoo ukaibe na wewe," shangazi alimjibu bila kugeuza shingo. "Kiyovu ziko nyingi."

Selemani alikuwa barazani pake, na mguu wake uliganda juu ya kanyagio alipotuona. Shangazi alisimama mbele yake na matangazo yakiendelea.

"Selemani, umeniona nikipeleka ishara?"

"Miye? Yewe, Hadija! Miye sijaona kitu. Nilisema nimesikia tu."

"Kwa nani?"

"Gaspari wa maziwa. Alisema filimbi yako inaingia kwa redio za watu. Sasa miye nikasema, filimbi ni ishara. Hata refa hapigi bure."

"Kwa hiyo kitambaa alikileta Gaspari, wewe ukakishona."

"Nilishona kidogo tu," Selemani alisema, akitazama sindano yake.

Watu waliokuwa wakisubiri nguo walicheka. Responsabule hakucheka, lakini wala hakuondoka. Nadhani alikwisha kuona kwamba akituacha hapo ataonekana amekimbia. Tukaenda kwa Gaspari, na njia ile yenye mawe makali ndipo nilipojikwaa. Sikuanguka, lakini waya ulichomoka, na yule mtangazaji akakatika katikati ya neno.

"Ameizima!" mtu alisema nyuma yetu. "Ameizima! Mmeona?"

Kamba ilisogea karibu. Shangazi hakugeuka, hangeweza, na ubao ulikuwa haujatikisika hata kidogo. "Hamisi, rudisha waya."

Niliurudisha. Kimya. Nilikuwa nimeufunga kinyume. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa machozi, na nilisikia pumzi za watu shingoni mwangu, na katika pumzi hizo nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kati ya shangazi na ile kamba palikuwa na waya mmoja tu, nao ulikuwa mkononi mwangu. Niliugeuza. Muziki wa dansi wa Kizaire uliruka juu ya kichwa chake kama mtu aliyeamshwa kwa kofi.

"Ahsante," alisema shangazi, na tukaendelea.

Gaspari alikuwa akiuza maziwa mgando kwenye chumba kidogo chenye giza. Alipoona msafara, alianza kujitetea kabla ya kuulizwa. "Miye nilisema neno moja! Nilisema Hadija anaingia kwa redio ya Mukecuru. Basi."

"Mukecuru yupi?" Neno hilo humaanisha bibi kizee, na bibi vizee walikuwa wengi.

Gaspari akamtazama Responsabule, kisha akautazama mlango, ambao ulikuwa umejaa watu. "Huyu. Mama yake huyu."

"Mama yangu?" alisema Responsabule.

"Alinituma, Mkubwa. Alisema miguu inamuuma, nimwambie Hadija aje atazame redio yake, inapiga filimbi kila alasiri. Ni hayo tu. Sasa miye nikasahau."

"Ulisahau kuniambia mimi," shangazi alisema. "Wengine hukuwasahau."

Hapo Responsabule aliinua mkono. "Bon, imetosha. Kila mtu aende kwake."

"Bado hatujafika," shangazi alijibu, na akatangulia.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa nyuma ya nyumba yetu wenyewe. Uvumi uliokuwa umezunguka Biryogo nzima ulitoka upande wa pili wa ukuta wetu, ukuta usio na mlango, kwenye nyumba ambayo mlango wake ulifungukia kichochoro kingine. Mukecuru alikuwa amekaa juu ya mkeka, redio yake iko juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Macho yake yalitoka kwetu yakaenda kwa mwanawe, kisha yakafika kwa umati.

"Hadija! Nimekuita mpaka nimechoka. Leo ndiyo unakuja na harusi nzima?"

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa redio yako inapiga filimbi."

"Kama birika! Na inachagua saa ya matangazo ya misiba. Watu wanakufa, miye sijui. Juzi nimemsalimia mtu kumbe ni mfiwa."

Shangazi aliutua ubao sakafuni, mimi nikachuchumaa na mwanzi wangu. Akaomba redio ya Mukecuru iwashwe. Akaushika ubao na kuzungusha kitufe chake polepole, na kutoka ndani ya redio yenye kitambaa ikatoka filimbi, kali, ikipanda na kushuka kadiri vidole vya shangazi vilivyokwenda. Watu walirudi nyuma hatua.

"Ndiyo," alisema shangazi kwa sauti ya kusikika mpaka kichochoroni. "Filimbi ni yangu."

"Mmesikia wote!" Responsabule alisema. "Amekubali mwenyewe!"

Nilidhani amejimaliza. Nilidhani zile njia zote tulizotembea zilikuwa za kuja hapa kukiri, na nikamtazama kijana mwenye kamba, ambaye alikuwa ameanza kuikunjua. Lakini shangazi alikuwa bado amepiga magoti.

"Nimekubali, kwa sababu ni kweli. Sikanushi kitu kilicho kweli. Sasa tulieni." Akaiacha redio yake, akanyoosha mkono kwenye redio ya Mukecuru, akazungusha kitufe cha redio hiyo. Na ubao wetu, pale sakafuni, ukapiga filimbi.

Kijana wa kamba aliacha kuikunjua.

"Na hii inatoka wapi?" aliuliza shangazi. "Hii inatoka kwa mama yako. Redio mbili zikikaa karibu husikiana; yangu inasikika mbali kwa sababu haina ganda. Ni hivyo tu. Kama mimi nawapelekea watu ishara, mama yako naye anawapelekea, tena kwa redio iliyovaa vizuri. Leta magunia mawili, Responsabule."

Mukecuru alimgeukia mwanawe. "Unanifunga, mwanangu?" aliuliza. "Basi ngoja nivae viatu."

Kicheko kilianzia kwa Gaspari na kikatoka nje ya nyumba. Responsabule alisubiri kiishe. Kisha, jambo ambalo sikulitegemea, aliinama akazungusha kile kitufe cha redio ya mama yake mwenyewe, kwa kidole kimoja kinene, na filimbi ikapanda kwenye ubao wetu, akarudisha, ikashuka. Alirudia. Niliuona uso wake kwa karibu, na sitasema nilisoma nini humo, kwa maana sikuwa ndani ya kichwa chake. Nitasema nilichokisikia.

"Uiache iyo filimbi, Hadija."

"Siwezi. Transista haijui kujaribiwa kimya."

Responsabule aliinuka. Akatoka, vijana wake nyuma yake, na yule wa kamba aliizungusha kiunoni mwake mwenyewe kama mkanda, kwa kukosa mahali pa kuiweka.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba ukweli ulishinda Kigali. Mlikuwepo, mnajua kilichofuata, na mnajua jinsi "wanasema" ilivyokuja kutangazwa baadaye na redio zenye makasha mazuri. Hayo yana mahali pake pa kuandikwa, na hapa sipo. Nasema tu kwamba siku hiyo moja, mtu mmoja alikataa kufunikwa gunia, akayarudisha maneno mlango kwa mlango mpaka yakakosa mwenyewe, na hakukamatwa. Hilo nililiona. Anayesema shangazi alikuwa na chombo cha siri anasema habari za chombo kilichopitishwa mchana kweupe, kikiimba, mbele ya mtaa mzima.

Tulirudi kwa njia ndefu, kwa sababu ukuta haukuwa na mlango. Nilikuwa bado ninalia, na nilipoona kanga imeanikwa kwenye kamba ya jirani niliomba tuiazime tufunikie ubao.

"Ya nini?" aliuliza. "Unalia nini hasa?"

"Wametupitisha mtaani kama wezi."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo ubao ulitikisika kichwani pake, kwa kicheko, mpaka ikabidi aushike kwa mikono miwili. "Mwizi huzungushwa na watu, Hamisi. Hebu fikiri. Leo nani kamzungusha nani?"

Nilifikiri mpaka tukafika nyumbani. Nilifuta uso kwa bega, nikainua mwanzi wangu juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake shangazi aliufungua mlango wa mbele, akauweka ubao barazani, akapandisha tena waya juu ya mpapai. Nilimpangia mavuno yaliyokuwa yamelala makopo kwa makopo, na ilipofika alasiri akachomeka transista ya kwanza. Filimbi ikapanda juu ya mabati ya Biryogo. Nilitega sikio nikisubiri redio za jirani zizimwe moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa zikizimwa siku hizo za woga. Hazikuzimwa. Ila kutoka upande wa pili wa ukuta ilikuja sauti ya kizee, yenye hasira ya mtu mwenye haki yake:

"Hadija! Subiri kwanza! Wanasoma misiba!"

"Dakika moja, Mukecuru!" shangazi alipaza sauti kumjibu. "Hii moja tu!"

Na akachomeka nyingine.